Kusujudu Bila Mikono

Habari ya kifo cha Fundi Amisi ililetwa kwangu asubuhi, wakati ninakunywa chai barazani. Aliyeileta alikuwa mwanawe Salumu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kichwani, ambaye sikuwa namjua kwa sura. Aliegesha pikipiki yake kando ya mfereji, akaja akasimama chini ya ngazi, akakataa kupanda. "Shehe," alisema, "baba alituacha alfajiri. Aliacha neno kama weye njo utamuosha na kumuswalia." Nilitamka maneno tunayotamka kila msiba unapofika, kisha nikauliza kwa nini mimi, maana wao wanakaa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, na huko kuna msikiti na kuna imamu. Akainua mabega. "Hata siye tulishangaa. Alisema tu, muniitie yule wa piki. Tukamuuliza, wa piki gani? Akasema, yule wa Shehe Omari. Watu walicheka kidogo, Shehe, utusamehe. Hakuna mutu hapa Kindu alishakuona weye juu ya piki."

Ni kweli. Kwa karibu miaka hamsini sijashika usukani wa pikipiki. Mji wetu leo umejaa vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki toka stesheni hadi uwanja wa ndege, na wengi wao wamepita mikononi mwangu wakisoma juzuu zao za kwanza. Wananiita nipande, bure, kwa heshima, nami huwaambia endeni na Mungu, miguu yangu inanitosha. Watu wameligeuza jambo hilo kuwa sifa. Husema Shehe ni mtu wa subira, Shehe hana haraka na dunia. Nimewaacha waseme. Katika kumbukumbu hizi nimemshukuru Mungu kwa walimu wangu, kwa ndoa yangu, kwa watoto alionipa na wawili aliowachukua, na kila nilipoufikia mwaka huu mmoja nimeuruka, nikijiambia kwamba ni mwaka mfupi usio na jambo. Kalamu yangu imesema uongo hata kwa kunyamaza, na ni katika mwaka huo ilimojifunza.

Ulikuwa mwaka ule maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa wananchi. Nchi ilikuwa Zaire, nasi Wazairwa, tulitakiwa kuitana sitwayen, yaani mwananchi, wakubwa walivaa koti lisilo na tai, na kila Jumamosi asubuhi mtu mzima yeyote alitoka na jembe au fagio kwenda salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha barabara na mifereji. Mfanyabiashara mmoja mgeni, aliyeuza vitenge na chumvi karibu na bandari, aliondoka na masanduku mawili tu. Pikipiki yake aliiachia msikiti, kwa sababu, alisema, Shehe Omari ndiye mtu pekee aliyekwenda kumuaga. Shehe Omari alikuwa mwalimu wangu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, ninakaa kwake, ninalala katika chumba cha nyuma kati ya magunia ya mpunga, chumba chenye harufu ya vumbi la pumba na ya panya. Ukuta wake mmoja ulikuwa wa matete yaliyopakwa udongo, na udongo ulikuwa umebanduka, kwa hiyo kila neno lililosemwa sebuleni nililisikia kana kwamba nimeketi mkekani pamoja nao. Nilikuwa nimehifadhi nusu ya Kitabu. Nilijua hilo, na nilitaka kila mtu alijue.

Shehe aliniambia nijifunze kuendesha, ili nimpeleke vijijini kwa ndoa na mazishi kwenye njia ya Kibombo, maana magoti yake yalikuwa yamechoka na baiskeli. Akanituma kwa Fundi Amisi. Fundi alikuwa na kibanda cha bati karibu na stesheni, mahali ambapo treni ilipopiga honi mazungumzo yote yalisimama na kuendelea baadaye pale pale yalipoachwa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye kucheka, na hakuonekana sana msikitini. Sababu niliijua, kwa maana aliisema mwenyewe mbele ya wateja: mafuta meusi hayakutoka kwenye kucha zake hata akisugua kwa limau na sabuni ya mawese, na aliona haya kuweka mikono ile juu ya mikeka yetu myeupe. Wengine walimhurumia. Mimi niliona ni kisingizio cha mvivu. Nilikaa kwenye kiti chake cha ubao nikiwa nimekunja kanzu isiguse chochote, na naona hata sasa jinsi alivyoitazama kanzu ile, akachukua gunia safi, akalitandika chini yangu bila neno.

Alinifundisha siku sita katika uwanja mtupu nyuma ya maghala ya zamani ya pamba. Kuanza na kubadilisha gia alinionyesha siku moja tu. Siku tano zilizobaki zilikuwa za kusimama. "Kwenda, hata mbuzi anajua kwenda," alisema. "Mimi ninakufundisha kusimama." Alifunga beseni la maji kwenye kiti cha nyuma, likiwa limejaa mpaka ukingoni, akachora mstari kwa kisigino kwenye changarawe, akaniambia nije kwa kasi na nisimame pale, haraka, kana kwamba mtoto ametokea, na maji yasimwagike zaidi ya kikombe kimoja. Mara ya kwanza nilikanyaga breki ya nyuma kwa mguu wote. Breki sisi twaiita freni. Gurudumu la nyuma lilikwama, likaanza kuteleza kando kama mkia wa samaki, na beseni zima likaruka mgongoni mwangu. Fundi Amisi alicheka mpaka akakaa chini. "Eh, Maalimu! Leo umefanya udhu ya mugongo! Kitabu gani kinasema ile?" Watu wawili waliokuwa wakipita na mizigo ya ndizi wakacheka pia. Nilikuwa nimelowa, na kanzu ilikuwa imeshika matope, na nilimchukia.

Alipomaliza kucheka alinisogelea, akaongea taratibu, kwa sauti nyingine. "Sikia. Weye unaswalia kila siku. Ukisujudu, uzito ya mwili inaendaga wapi?" Nikajibu kwamba unakwenda mbele, kwenye kipaji cha uso na mikono. "Na nyuma?" Nikasema nyuma inakuwa nyepesi. "Basi piki njo vile vile. Ukifunga freni, piki inasujudu. Uzito yote inakuya mbele. Ile gurudumu ya nyuma inabakia nyepesi, haiwezi kushika kitu, ukiikaba inateleza tu. Inayoshika ni ya mbele. Sasa hawa wenzako wa stesheni wanatoaga freni ya mbele, wanasema inatupa mutu. Wanataka piki isujudu bila mikono! Mutu akisujudu bila mikono anaanguka namna gani?" Akajilaza kwa bega kwenye changarawe, akanionyesha, shati lake likajaa vumbi. "Hivi. Anaanguka kando." Kisha akaniwekea mkono wangu kwenye kishikio cha freni ya mbele, akaweka wake juu yake. "Usikamate kama unamukaba kuku. Kamua, sawa vile unakamua limau, kidogo, halafu sana. Mguu wa nyuma usaidie tu. Usukani sawa, macho mbali. Na ukisikia ya mbele imekwama, achia mara moja, kamua tena." Siku ya sita nilifika mstarini nikasimama, na maji yaliyomwagika hayakujaza hata kikombe. Alipiga makofi. Mikono yangu ilikuwa imejua jambo ambalo moyo wangu ulikataa kulipokea kutoka kwake.

Kwa maana jioni ile nilimshtaki. Mama Zaina, mke wa Shehe, alikuwa ametandika wali wa Kindu, ule mfupi wenye kunata kidogo, na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese na samaki wa kuvukiza, na Shehe alikuwa akila polepole kama kawaida yake, akitafuta mwiba kwa ulimi. Nilisema, "Baba, yule fundi analinganisha sijida na pikipiki. Mutu ambaye Ijumaa haonekani, mikono yake yote mafuta, yeye njo wa kutufundisha sijida?" Nilitegemea akasirike. Shehe Omari aliutoa mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani. "Na aliposema, alisema uongo?" Nikainamia sahani yangu. "Nilikuuliza, Saidi. Uzito ukisujudu unakwenda nyuma?" Nikasema hapana, baba. "Basi musikilize fundi kwa ya ufundi. Na hiyo ya mikono, miaka arobaini ninafundisha sijida, sikupata kuisema vizuri vile." Mama Zaina alicheka kwa pua na kuniongezea sombe. Nilikula. Kilichokuwa kinanichoma si pilipili. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile miaka saba nikisubiri neno moja la sifa kama lile, nalo lilikwenda kwa mtu aliyelala kwenye changarawe.

Pale stesheni palikuwa na waendeshaji wachache, watano au sita, waliobeba samaki na barua na wakubwa wa ofisi. Msemaji wao alikuwa Kasongo, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata mchana wa jua. Wote walikuwa wamekata waya wa freni ya mbele, kwa sababu mwenzao mmoja zamani aliikaba kwenye reli, akaruka juu ya usukani na kupoteza meno. Kwa meno ya mtu mmoja mji mzima ulikuwa umeacha kutumia nusu ya breki zake. Kasongo aliponiona na pikipiki ya msikiti alikuja akashika kishikio. "Heee! Amisi amekukazia hii? Mutoto wa Shehe, hii njo malaika wa mauti. Siku moja utamurusha Shehe mpaka Kisangani, bila tikiti." Wengine wakacheka. "Ile ya mbele ni ya kuonyesha polisi tu." Nilijua kwamba si kweli. Nataka jambo hili lieleweke, maana ndilo kiini cha aibu yangu: sikudanganywa na Kasongo. Mikono yangu ilikuwa imeonja ukweli kwenye uwanja wa pamba. Lakini Kasongo alikuwa amenipa sababu ya kumkana fundi, na nilikuwa nikiitafuta. Ijumaa, baada ya swala, nilikopa ufunguo wa nati kwa Kasongo, nikachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, nikailegeza nati ya waya mpaka kishikio kikawa kinacheza bure mkononi. Siku mbili tu kabla, Fundi Amisi alikuwa ameikagua na kuikaza kwa mikono yake. Nilijisikia nimerudisha heshima yangu. Nilinawa mikono kwa limau.

Kesho yake, Jumamosi, Shehe Omari aliitwa kijijini kwenye njia ya Kibombo kufungisha ndoa. Alipanda nyuma yangu, kanzu imefungwa magotini, mwavuli ameulaza mapajani. "Taratibu, mwanangu," alisema, na kwa Mungu sikwenda haraka. Tulipita mtaa wa Mikelenge. Ilikuwa saa ya salongo, na watu walikuwa wametanda pande zote mbili, wengine wanachimbua mfereji, wengine wanafagia, kijana mmoja wa chama anaimbisha nyimbo. Walikuwa wanamsalimu Shehe, naye anainua mkono. Mama mmoja aliyekuwa na karai la udongo kichwani alirudi kinyumenyume kutoka mferejini, akaingia barabarani bila kutuona. Kila kitu nilichofundishwa kilikuja wakati ule. Macho yangu yalikwenda mbali, usukani ulikuwa sawa, na mkono wangu wa kulia, bila kuniuliza, ukakamua limau. Kishikio kikaja mpaka kwenye usukani kitupu, kilegevu, kama kupokewa na mkono wa mtu aliyelala. Hakikushika chochote. Basi nikakanyaga freni ya nyuma kwa mguu wote, na gurudumu likakwama, likateleza kando kwenye changarawe vile vile kama siku ya beseni, na pikipiki ikalala ubavu. Yule mama hatukumgusa. Shehe Omari alikuwa chini ya pikipiki yote, na paja lake lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi.

Barazani mwa hospitali nilikaa na kiwiko kilichochubuka wakati wazee wa msikiti na mkuu wa mtaa wakija mmoja mmoja. Katika kuanguka kishikio cha mbele kilikuwa kimevunjika na waya umekatika, na pikipiki ilikwisha kufungiwa ghalani mwa msikiti, hakuna aliyeweza kusoma kitu juu yake. Kasongo naye alifika. Alikuwa wa kwanza kusema: "Nilisema mimi! Freni ya mbele njo iliwatupa. Amisi aliikaza." Nilimtazama machoni. Yeye ndiye aliyenikopesha ufunguo. Sijui kama alisahau au aliogopa kama mimi, na simhukumu. Mkuu wa mtaa akaniinamia. "Sitwayen Saidi, nani aligusa freni?" Nikasema, "Fundi Amisi alizitengeneza Jumatano." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi katika maisha yangu. Haina neno moja la uongo ndani yake. Nilikuwa nimesoma mlango mzima wa ushahidi, niliweza kuutaja kwa mpangilio wake, masharti ya shahidi na sifa zake, na elimu yote ile ilinifaa kwa jambo moja tu: kuchagua ukweli utakaofanya kazi ya uongo.

Wiki ile mkuu wa mtaa alikipiga kufuli kibanda cha bati. Hakuna aliyempiga fundi, hakuna aliyemtukana mbele yake. Watu waliacha tu kuja. Yeye alikuja kwetu. Shehe Omari alikuwa amerudi nyumbani na mguu uliofungwa vipande vya mbao, amelala sebuleni ili apate upepo. Ilikuwa adhuhuri, mimi nilikuwa chumbani kwangu kati ya magunia na sahani ya wali magotini, na kupitia ukuta wa matete nikasikia kikohozi ninachokijua, na hodi. Mama Zaina hakumwambia karibu, lakini Shehe alimwambia. Kisha sauti ya Fundi Amisi, bila kicheko chake, nami sikupata kujua kabla ya hapo kwamba sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kile. "Shehe, nimekuja kuomba musamaha. Siku hizi zote ninafikiri tu ile nati. Nilisema niliikaza sawa. Lakini labda niliizidisha. Labda mukono wangu ulikosea. Nimeomba waniache niangalie piki, wanakatala. Shehe, kama mukono wangu njo ulikuvunja, sema niukate." Shehe akamwambia, "Amisi, keti. Mama Zaina, mupe maji. Kitu ya Mungu imeshafika. Mimi sina neno na weye." Na yule mtu mzima akalia. Nilikuwa na tonge mkononi. Kati yangu naye kulikuwa na matete na hatua tatu. Mlango haukuwa hata na komeo. Nilisubiri niwe jasiri, na nilipokuwa ninasubiri, tonge likapoa, na yeye akaaga, akavaa kandambili zake mlangoni, akaenda. Mafundisho yote niliyotoa tangu siku ile juu ya toba nimeyatoa nikiwa nimeketi mle chumbani.

Fundi Amisi alivuka mto mwezi uliofuata, na mkewe na vyombo vyake katika mtumbwi mmoja, akaanza upya Alunguli kwa kutengeneza baiskeli na cherehani. Shehe Omari alipona kwa namna ya mifupa ya wazee. Alitembea kwa fimbo. Lakini kusujudu hakuweza tena. Aliswalisha akiwa ameketi kwenye kibao, na tuliposujudu sote nyuma yake yeye aliinamisha kichwa tu, kipaji chake kikaishia hewani, mbali na mkeka. Nilikuwa katika safu ya kwanza, kisogoni kwake. Hakulalamika. Mara moja tu, nilipokuwa nikimshika kumwinua, alisema kama anayeongea na nafsi yake, "Ardhi nimeikosa." Kisha akasema alhamdulillahi. Miaka kumi na moja aliswali hivyo mpaka akaingia ndani ya ardhi hiyo, na mimi nikarithi kibao, msikiti na jina zuri. Kila mwaka nilisema nitavuka mto. Nilimshukuru Mungu kwa kunisitiri, nikaiita sitara yake baraka. Siku hizi nafikiri alikuwa akinipa muda, na mimi niliutumia wote.

Basi siku ya msiba nilitembea mpaka kivukoni, nikavuka na Salumu na pikipiki yake katika mtumbwi. Nilimwosha baba yake mimi mwenyewe, na mwanawe akinimiminia maji. Nilipofika kwenye mkono wa kulia nilikuta kucha zikiwa na ule ule weusi. Nilisugua kwa limau, kwa pamba, kwa upole, na haukutoka. Salumu akaniambia niuache, baba alishazoea kusema atakwenda nao. Nikamuuliza, ili niseme jambo, kama baba yake alifanya kazi mpaka mwisho. "Mpaka mwezi uliopita," akasema. "Piki zote za Alunguli. Watu walimuita Kaza-Mwenyewe." Nikauliza maana yake. "Alikuwa anatengeneza kila kitu, Shehe, lakini ile nati ya freni ya mbele hakuigusa hata siku moja. Alimupatia mwenye piki ufunguo, anasema, kaza mwenyewe. Hata mimi mutoto wake. Alitufundisha kusimama na beseni ya maji, alitufundisha vizuri, lakini ile nati, kaza mwenyewe. Tulimuchekaga. Na miye leo ninafanya vile vile, wateja wanafikiri ni desturi ya nyumba yetu." Maji yaliendelea kumiminika. Nilikuwa nimedhani nilimwondolea kibanda. Kumbe nilikuwa nimeuchukua mkono wenyewe.

Kwetu, kabla ya swala ya maiti, imamu hugeuka na kuwauliza watu walimjua vipi marehemu, na watu hujibu, mtu mzuri, na swala inaanza. Nimeuliza swali hilo zaidi ya mara elfu. Siku ile nilisimama mbele ya jeneza, nikageuka, na safu zilikuwa nyingi, na nusu yao walikuwa vijana wa pikipiki. Nikauliza, "Mulimujua namna gani?" Wakajibu, "Mutu muzuri," na nyuma mmoja akaongeza kwa upendo, "Kaza-Mwenyewe," pakawa na kicheko kidogo cha huzuni. Nikasema, "Ngojeni. Na mimi nina ushahidi wangu." Nikawaambia. Niliwaambia juu ya limau na beseni, juu ya Ijumaa na nati, juu ya sentensi ya barazani, juu ya tonge la wali. Nilisema, "Freni ya huyu mutu haikumuangusha mutu hata siku moja. Ni mimi nililegeza. Ni mimi." Kisha mzee mmoja aliyeshikwa mkono na mjukuu, ambaye sikumtambua, akasema kwa sauti kavu, "Kumbe tulimufukuza bure." Swala ya maiti haina sijida. Tuliswali tukiwa wima, na nilitamani ingekuwa nayo, nipate mahali pa kuuficha uso.

Baada ya kuzika watu walinipa mkono, wengine hawakunipa. Salumu alikuwa hajanitazama tangu nilipogeuka pale mbele ya jeneza, na sikumwomba msamaha makaburini, maana niliona ningekuwa ninamwomba anipe kitu tena. Nilianza kutembea kuelekea kivukoni. Akaja nyuma yangu akisukuma pikipiki. "Baba alisema nikulete na nikurudishe," alisema. Nikasita. Alisimamisha pikipiki, akashika kishikio cha mbele, akakipima kwa vidole, akakunja uso. Akatoa ufunguo mfukoni. Kwa sekunde moja nilidhani ataninyooshea mimi, kama desturi ya nyumba yao, nami nikatoa mkono. Hakunipa. Alichuchumaa pale vumbini, katika nguo zake za msiba, akakaza ile nati mwenyewe, taratibu, akajaribu, akakaza tena robo. Alikaa vile muda kidogo, ufunguo mkononi, kana kwamba anasikiliza. Kisha akainuka. "Panda, Shehe."

Nikapanda nyuma, mahali pa Shehe Omari, kanzu nimeifunga magotini. Njia ya kivukoni inashuka kwa ukali, ina changarawe, na chini watu walikuwa wamejaa na magunia wakingoja mitumbwi. Salumu alikamua kishikio. Nilihisi uzito wote wa pikipiki, wake na wangu, ukienda mbele, kifua changu kikaegemea mgongo wake, na gurudumu la nyuma likabaki katika njia yake.

"Inashika?" aliuliza bila kugeuka.

"Inashika," nikasema.